Breki ya mbele haimfanyi mtu kuwa mtalii

Swali: Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua fiksi, ile baiskeli ya gia moja ambayo pedali hazitulii maadamu gurudumu la nyuma linazunguka. Ina meno 48 mbele na 16 nyuma, na nimeiacha na breki ya mbele iliyokuja nayo. Wenzangu ninaoendesha nao jioni wananiita mtalii. Wanasema fiksi ya kweli haina breki, kwamba sisi tuliokuja juzi kwa kufuata mkumbo ndio tumeuharibu mchezo, na kwamba asiyewahi kufanya kazi ya utarishi hana la kusema. Wamenisifu kitu kimoja tu: tairi langu la nyuma limelika mahali pamoja mpaka nyuzi zinaonekana, nao wanasema hiyo ndiyo alama ya mwendeshaji halisi. Je, wana haki? Na ni nani hasa anayeamua nani wa kweli na nani mwigaji?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili na la tatu umelitaja kupita tu. Nitaanza na hilo la tatu, kwa sababu ndilo linaloweza kukuangusha kesho asubuhi. Ni hilo tairi.

Mwenye fiksi akitaka kuserereka, yaani kupunguza mwendo kwa kuburuza tairi la nyuma bila breki, huegemea mbele ili kupunguza uzito nyuma, kisha hukaza miguu pedali zikiwa zimelala sambamba na barabara. Mnyororo unavutika, gurudumu la nyuma linagoma kuzunguka, tairi linakwaruza lami. Sasa, karibu kila mtu ana mguu anaopenda kuutanguliza, kwa hiyo pedali hukazwa zikiwa mahali palepale kila mara. Kwa meno yako 48 na 16, pedali zikizunguka mara moja gurudumu la nyuma linazunguka mara 3 kamili, bila baki. Kila pedali zinaporudi mahali pake pa kukazwa, gurudumu nalo limerudi palepale, na kipande kilekile cha mpira ndicho kinachopelekwa tena kwenye lami. Katika mzingo mzima wa tairi una eneo 1 tu la kuserereka. Maadamu unatanguliza mguu uleule, usingeweza kulimaliza tairi mahali pengine hata kama ungetaka.

Weka nyuma gia ya meno 17. Kwa 48 juu ya 17 hakuna cha kurahisisha, kwa hiyo maeneo ya kuserereka yanakuwa 17, yamesambaa kuzunguka tairi zima, na tairi litaishi muda mrefu zaidi. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: andika meno ya mbele juu ya meno ya nyuma kama sehemu, irahisishe mpaka mwisho, na namba itakayobaki chini ndiyo idadi ya maeneo yako. 46 juu ya 16 inarudi kuwa 23 juu ya 8, maeneo 8. 44 juu ya 16 ni 11 juu ya 4, maeneo 4. Na namba ya juu ikiwa witiri, mtu anayeweza kuserereka kwa kutanguliza mguu wowote anapata maradufu, hivyo 47 juu ya 17 humpa maeneo 34. Ukihama kutoka 16 kwenda 17 utapoteza kasi kidogo sana. Kwa kilomita 30 kwa saa miguu yako itazunguka kama mara 84 kwa dakika badala ya 79, na magoti yatakushukuru kwenye vilima.

Kwa hiyo wenzako wamekusifu kwa gia zilizochaguliwa vibaya. Sisemi hivi kuwakejeli. Ukiliangalia vizuri, hilo tairi limeshajibu nusu ya swali lako: watu wanaweza kuijua sura ya kitu kwa undani wa ajabu na wasijue kinavyofanya kazi. Ugomvi mwingi wa nani wa kweli katika fiksi unazaliwa hapo. Sura ilisafiri, sababu ikabaki nyuma.

Hebu tuirudie njia iliyopita.

Mwanzoni fiksi haikuwa kundi la watu wala mtindo. Ilikuwa baiskeli, basi. Rover ya John Kemp Starley ya mwaka 1885, ambayo karibu baiskeli zote za leo zimefuata umbo lake, haikuwa na friwili, kile kifaa kinachoruhusu gurudumu kuzunguka pedali zikiwa zimetulia. Ukiacha kukanyaga, pedali zilikuendesha wewe. Friwili ilipoenea kuelekea mwaka 1900, wapo walioiona kuwa ni ulegevu. Gia za kubadilisha zilipokuja, Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alizipinga kwa ukali, na waendeshaji wa mbio zake walilazimika kushuka chini ya mlima, kulichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie gia ya upande wa pili. Ziliruhusiwa mwaka 1937, yeye akiwa ameshaachia uongozi. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba wa siku hizi wamelegea na enzi zetu ndizo zilikuwa enzi, jua malalamiko hayo ni makongwe kuliko lami unayopita.

Barabarani fiksi ikapungua, ikabaki kwa watu wachache kama vile vyama vya baiskeli vya Uingereza, ambavyo wanachama wake waliipanda majira ya baridi ili miguu ijifunze kuzunguka vizuri. Makao yake makuu yakawa velodromu, uwanja wa mbio wenye kingo zilizoinuliwa. Huko baiskeli hazina breki, na sababu yake ni ya usalama mtupu. Wote wanakwenda upande mmoja, wamebanana gurudumu kwa gurudumu, hakuna taa za barabarani, hakuna mtoto atakayekatiza akifuata mpira. Katika hali hiyo hatari kubwa ni mtu wa mbele yako kupunguza mwendo ghafla. Ukimnyima breki umewalinda walio nyuma yake. Kumbuka hilo, kwa sababu hapo ndipo ilipotoka hiyo sheria ya wenzako ya kutoweka breki. Imeng'olewa mahali ambapo ilikuwa inaokoa watu.

Na kama unataka kujua ukali wa kuamua nani ni wa ndani na nani wa nje, velodromu hizohizo zinao. Marshall Taylor, Mmarekani mweusi aliyejulikana kama Major Taylor, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899 kule Montreal. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1894, chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Marekani, League of American Wheelmen, kilikuwa kimepitisha kipengele cha kuwazuia watu weusi kuwa wanachama. Kipengele hicho kilifutwa rasmi mwaka 1999. Bingwa wa dunia hakuhesabiwa kuwa mwendesha baiskeli wa kutosha kwa chama cha waendesha baiskeli wa nchi yake. Sifananishi utani wa kundi lako na ubaguzi ule. Mtu kuitwa mtalii hakumnyimi riziki. Nasema tu kwamba mtu anapodai kulinda heshima ya mchezo, muulize kwanza ni nani anayefaidika na ulinzi huo.

Sasa tufike kwa matarishi, maana wenzako wamewaita kuwa mashahidi.

Matarishi wa New York walikuwa wakibeba hati, picha, michoro na mikataba kati ya ofisi za Manhattan, wakilipwa kwa mzigo, wengi bila bima wala likizo. Inasimuliwa sana, na inaingia akilini, kwamba walioleta baiskeli za velodromu kwenye kazi hiyo walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, mahali ambapo mbio za uwanjani zilikuwa mchezo wa watu. Sababu zao zilikuwa za kazi. Fiksi haina kebo za gia za kukatika wala vipuri vya nyuma vya kuozeshwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Vipuri vichache ni vichache pia vya kuibiwa. Na mtu aliyezoea anaweza kuitembeza polepole kati ya magari, au akasimama papo hapo kwenye taa nyekundu bila kutia mguu chini, kwa sababu pedali zinamwezesha kurudi nyuma sentimita chache na kwenda mbele tena. Kuna mtu mmoja ambaye dunia hizi mbili zilikutana ndani yake: Nelson Vails wa Harlem, aliyefanya kazi ya utarishi New York na mwaka 1984 akapata medali ya fedha ya mbio fupi katika Olimpiki ya Los Angeles. Hakuna aliyekuwa wa kweli kumzidi, kwa kipimo chochote utakachotumia. Na alikuwa akibadilisha baiskeli na mazingira kulingana na kazi iliyopo mbele yake.

Heshima ya matarishi haikutokana na suruali waliyovaa. Mwaka 1987 meya wa New York, Ed Koch, alitangaza kuzipiga marufuku baiskeli kwenye barabara za Fifth, Park na Madison, katikati ya Manhattan, siku za kazi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hiyo ilikuwa ni kuwanyang'anya mkate. Walijaza barabara wakiandamana, kesi ikaenda mahakamani, marufuku ikashindwa. Miaka miwili baadaye, huko Toronto, matarishi waliandaa mbio zilizoitwa Alleycat: unapewa orodha ya vituo, unachagua njia yako mwenyewe, unagongewa muhuri, unakimbilia kingine. Ilikuwa siku ya kazi iliyogeuzwa kuwa mchezo. Mwaka 1993 Berlin ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya matarishi. Zile kadi ambazo watu huchomeka kwenye spoku zilitoka kwenye mbio za aina hii, zikiwa namba za washiriki. Leo zinauzwa kama mapambo, na mtu anaweza kuwa nazo tano bila kuwahi kufika kituo hata kimoja.

Tazama na mikoba. Timbuk2 ya San Francisco ilianzishwa mwaka 1989 na mtu aliyekuwa tarishi mwenyewe. Mkoba wa bega moja ulikuwa na maana kwa sababu unauzungusha mbele ya kifua, unatoa bahasha, unaurudisha mgongoni bila kushuka kwenye baiskeli. Kwa mtu anayebeba kompyuta moja kutoka nyumbani hadi ofisini, mkoba wa mabega mawili ni bora na mgongo utakaa sawa. Lakini ni ule wa bega moja uliojaa kwenye maduka.

Halafu ikatokea hali ambayo hata mimi, niliyeshika spana muda mrefu, bado naiona ya ajabu. Faksi, kisha barua pepe, kisha saini za kielektroniki zikawa zinaila kazi ya utarishi mwaka hadi mwaka. Na katika miaka hiyohiyo ya 2000, sura ya utarishi ikawa bidhaa. Kampuni ya Specialized ikatoa matoleo ya baiskeli yake ya Langster yaliyopewa majina ya miji, la New York likipakwa njano ya teksi. Wajapani wakawa na wimbi lao. Fremu za chuma zilizostaafu kwenye keirin, mbio za kamari zilizoanza Kokura mwaka 1948, zikaanza kusafirishwa duniani kote, na muhuri wa NJS uliopigwa kwenye kila kipuri ukawa kama hirizi. Kazi ya muhuri ule ni kuhakikisha hakuna mshindani anayepata faida ya kifaa, kwa kuwa wananchi wanaweka pesa zao kwa mpanda baiskeli. Nje ya uwanja wa keirin haukuambii lolote kuhusu mtu aliyeketi juu ya baiskeli hiyo, ila kwamba ana kipuri imara na pengine macho mazuri. (Macho mazuri si kosa. Hendeli ya Nitto ni nzuri kuitazama, na sitamlaumu mtu kwa hilo.)

Kwa hiyo tarishi mkongwe aliyewaona vijana wamevaa kama yeye, wakati yeye ratiba yake inazidi kuwa nyeupe, alikuwa na haki ya kukasirika. Hasira ile ilihusu riziki. Watu walilipia sura ya kazi yake huku kazi yenyewe ikikosa wa kuilipia. Mimi hasira hiyo naiheshimu. Ninachokataa ni kuiazima. Hukuniambia kama kuna tarishi hata mmoja kwenye kundi lako la jioni, nami nashuku jibu. Mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa mzigo anakunyooshea kidole kwa niaba ya waliolipwa kwa mzigo. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Ukitaka kuwapima, waulize swali moja. Leo ni nani anayepita mjini kwa baiskeli akilipwa kwa mzigo, bila bima, akikimbizana na saa, akilaumiwa na wenye magari na waenda kwa miguu? Ni wapeleka chakula wanaoitwa kwa programu ya simu, wengi wao juu ya baiskeli za umeme zenye sanduku kubwa nyuma. Hao ndio warithi wa utarishi kwa kila kitu kinachohusu kazi. Umeona duka linalouza mavazi ya kuwaiga? Umeona anayejivunia sanduku lile mgongoni mwishoni mwa wiki? Kama uhalisi ungekuwa unatoka kwenye kazi kama wanavyodai, wangekuwa wanawapigia saluti hao. Badala yake huwapita kwenye taa nyekundu bila kuwatazama. Wanachokilinda ni kumbukumbu ya kazi moja, katika miji michache, katika miaka michache, na hasa jinsi ilivyopendeza kwenye picha.

Sasa breki, ambayo ndiyo kesi yako hasa.

Unapopunguza mwendo, uzito wako na wa baiskeli unahamia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, linashika barabara kwa shida, na ndiyo maana linaserereka kirahisi. Kuserereka kunakovutia macho ni dalili kwamba tairi limeishiwa mshiko. Breki ya mbele inafanya kazi kwenye gurudumu ambalo wakati huohuo linazidi kukandamizwa chini, kwa hiyo kwenye lami kavu inaweza kukusimamisha kwa takribani nusu ya umbali ambao gurudumu la nyuma peke yake lingehitaji. Hapa miguu haiwezi kubishana, hata iwe ya bingwa. Ongeza mteremko: kwa meno 48 na 17, ukifika kilomita 45 kwa saa pedali zinazunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, na mtu anayejaribu kuzikaza kwa kasi hiyo kwa mara ya kwanza hugundua kwamba si yeye tena anayeziendesha.

Sheria nazo zimelitazama jambo hili. Uingereza inahesabu gurudumu la fiksi kuwa breki ya nyuma, lakini inadai ya mbele pia iwepo. Mwaka 2016 jijini London kijana wa miaka 18 aliyekuwa juu ya fiksi isiyo na breki ya mbele alimgonga mama aliyekuwa akivuka barabara, na mama yule akafariki. Mwaka uliofuata mahakama ilimwondolea shtaka la kuua bila kukusudia, ikamtia hatiani kwa sheria ya mwaka 1861 iliyotungwa enzi za magari ya farasi, akafungwa miezi 18. Kijana alijitetea kwamba hakujua breki ya mbele ni lazima kisheria. Huko Portland, Oregon, mwaka 2006 hakimu alikataa hoja ya tarishi mmoja kwamba miguu na gia ni breki tosha. Na mwaka 2025 polisi wa Korea Kusini walitangaza msako wa fiksi zisizo na breki, baada ya baiskeli hizi kupendwa ghafla na wanafunzi wa shule, baadhi yao wakiwa wameziondoa breki wenyewe. Watoto wale hawajawahi kumwona tarishi wa Manhattan wala kuingia velodromu. Wameipokea sura ikiwa imepita mikono mingi, na kila mkono ulidondosha kipande cha sababu.

Kuna watakaokuambia kuhusu Red Hook Criterium, mbio za fiksi bila breki zilizoanzia Brooklyn mwaka 2008 na kuendelea hadi 2018, zikifika Milan, Barcelona na London. Ni kweli, na zilikuwa mbio kali. Lakini hatimaye ziligeuka kuwa mbio za njia iliyofungwa, zenye uzio na wasimamizi, kila mtu akienda upande mmoja. Unaona? Walirudi kwenye mazingira yaleyale ya velodromu ambamo kukosa breki kuna maana. Hata huko malalamiko hayakukosekana. Washindani wa mbio za barabarani walipoanza kuja na miguu yao ya kulipwa na kushinda, waliokuwepo mwanzo wakasema mchezo umetekwa. Mimi naona mtu akija akakushinda kwa baiskeli ileile, kwa sheria zilezile, amejibu swali la uhalisi kwa njia isiyo na rufaa.

Kuhusu mkumbo, usione haya. Karibu wote tuliingia kwa kuona mtu fulani akipita tukasema, na mimi nataka. Mkumbo umefanya mema pia. Kabla yake, kupata habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) yenye upana wa milimita 120 au krenki (mikono ya pedali) nzuri ya uwanjani kulihitaji kufahamiana na mtu wa velodromu. Baada yake viwanda vilijaa. Kilichonisikitisha ni namna wapya walivyopokewa. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliandika kuhusu fiksi kwenye intaneti tangu kabla haijawa mtindo, akijibu maswali ya wanaoanza kwa uvumilivu ambao mimi sina. Hakumuuliza mtu amefanya kazi gani. Na ushauri wake kwa anayeendesha fiksi barabarani ulikuwa aweke breki ya mbele. Ukihitaji jina la kuwatajia wenzako, taja hilo. Wengi wao, kama wanajua chochote kuhusu uwiano wa gia, wamekipata kwake au kwa aliyekipata kwake.

Umeuliza nani anaamua. Hakuna ofisi ya kutoa vyeti, na wanaojipa kazi hiyo kwa kawaida ni waliofika muda mfupi tu kabla yako. Mkongwe halisi amechoka, anataka kwenda kulala. Mimi mtu akiniletea fiksi yake siangalii muhuri wala kama ina breki. Nageuza baiskeli nitazame upande wa gia ya nyuma. Gia ile imefungwa kwa nyuzi za kulia, kama za skrubu ya kawaida, na juu yake kunatakiwa pete ya kufungia yenye nyuzi za kushoto. Unapokaza miguu kwa nguvu, gia inajaribu kujifungua, lakini ikigeuka kidogo tu inaisukuma pete, na pete kwa kuwa ina nyuzi za kinyume inazidi kukaza. Ni werevu wa zamani na mzuri mno. Sasa kuna watu hubadilisha baiskeli ya friwili kuwa fiksi kwa kuifungia gia kwenye habu isiyo na nyuzi za hiyo pete, wakaibana kwa gundi na matumaini. Siku ya kukaza kweli, gia inafunguka, pedali zinazunguka hewani kinyumenyume, na mwendeshaji anabaki bila gia na, kama alifuata ushauri wa wenzako, bila breki. Nimeona fremu za kifahari kabisa zimefungwa hivyo, pamoja na kadi za spoku.

Kwa hiyo fanya hivi wiki hii. Badili tairi hilo la nyuma kabla hujapanda tena. Nyuzi za tairi zikionekana limekwisha, usisikilize sifa zake. Nunua gia ya meno 17 yenye upana uleule wa mnyororo wako. Ukishaifunga, kaza pete kwa spana yake maalumu, panda mlima mmoja ukikanyaga kwa nguvu ili gia ijikaze hadi mwisho, kisha rudi uikaze pete tena. Mnyororo usiuvute kama kamba ya gitaa: katikati uwe na mchezo wa kama sentimita moja juu na chini, na uzungushe pedali polepole ukitafuta mahali unapokaza zaidi, kwa sababu gia za mbele chache sana huwa mviringo kamili, na upimie hapo. Meno 17 yatataka gurudumu lisogee mbele kidogo kwenye mpasuo wa fremu, kwa hiyo hakikisha nati zote mbili zimerudi kukazwa na tairi limekaa katikati. Vipande vya mpira vya breki ya mbele navyo vitazame, kama vimelika vibadilishe.

Wakikuita mtalii tena, waombe wakuonyeshe pete zao za kufungia. Na kama yupo mwenye meno 48 na 16, mwambie kuhusu 17.